MGOMBA WA MAMA, MBUNI WA BABA

Fedha ya nyumba yenu inatoka wapi? Nani anaitafuta? Nani anaitunza? Na nani anaamua itumike vipi?

Maswali haya ni magumu. Nyumba nyingi zimegombana kwa ajili yake. Leo tutaangalia jinsi Wachagga wa Mlima Kilimanjaro walivyogawana kazi na mali tangu zamani. Huenda wewe si Mchagga. Lakini utaona mambo mengi yanayofanana na ya kijiji chako.

KIHAMBA NI NINI?

Shamba la nyumbani la Mchagga huitwa kihamba. Kihamba kiko mlimani, nacho kimeizunguka nyumba. Vihamba vingi ni vidogo, ekari moja au mbili tu. Mipakani hupandwa masale. Sale ni mmea wa heshima. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea sale kuomba msamaha.

Ndani ya kihamba mimea mingi huota pamoja. Juu kuna miti mirefu kama mringaringa. Chini yake kuna migomba. Chini ya migomba kuna mibuni. Chini kabisa kuna magimbi, maharage na mboga. Karibu na nyumba kuna zizi la ng'ombe. Ng'ombe hao hawaendi malishoni. Hulishwa hapo hapo zizini.

Kila kitu kinamsaidia mwenzake. Mgomba unampa ng'ombe majani na vigogo. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Samadi inarudi kwenye mgomba. Hakuna kinachopotea.

KAZI ZA BABA NA KAZI ZA MAMA

Zamani kila mtu alijua kazi yake. Wanaume walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni. Mifereji hiyo huitwa mifongo. Mingine ina urefu wa kilomita nyingi, na inapita kwenye miteremko mikali. Mfongo ukibomoka, wanaume wa ukoo walitoka wote kuutengeneza. Wanaume pia walijenga nyumba, walikata miti, walichinja na kugawa nyama.

Wanawake walitunza migomba. Walikata mikungu na kupika. Walilima mashamba ya tambarare, chini ya mlima. Huko walikata nyasi za ng'ombe, wakapanda nazo mlima, mzigo ukiwa kichwani. Walikamua maziwa. Walichota maji, walitafuta kuni, walilea watoto.

Mali nayo iligawanywa. Ng'ombe alikuwa wa baba, lakini maziwa yalikuwa ya mama. Kihamba kilikuwa cha ukoo wa baba, lakini ndizi zilikuwa mkononi mwa mama. Yeye ndiye aliyejua mkungu upi ni wa kula na upi ni wa kupeleka sokoni.

Masoko ya Uchagga yalikuwa ya wanawake. Walikwenda na ndizi, maharage, maziwa na siagi. Walirudi na magadi, vyungu na vitu vingine vya nyumbani. Kwa hiyo mama alikuwa na kifuko chake. Chumvi ikiisha, hakungoja kuomba.

Tusiseme kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri. Kazi ya mama ilikuwa ndefu kuliko siku. Kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Mtoto wa kwanza alitafutiwa kihamba chake. Kitinda mimba alibaki nyumbani kwa baba, akawatunza wazazi. Binti alitarajiwa kuolewa, akaishi katika kihamba cha mume wake. Lakini jambo moja lilikuwa zuri. Baba na mama, kila mmoja alikuwa na kitu alichoweza kuamua juu yake.

KAHAWA INAKUJA

Mwishoni mwa miaka ya 1800, wamisionari walipanda mibuni huko Kilema. Baadaye wenyeji nao walianza kuipanda chini ya migomba yao. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima. Mwaka 1933 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ilileta fedha. Ilijenga nyumba za bati. Ilisomesha watoto wengi. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini kahawa hailiwi. Huuzwa tu. Na aliyeandikwa katika daftari la chama alikuwa baba. Fedha ikitoka, ilitoka kwa jina lake. Hivyo watu wakazoea kusema, mgomba ni wa mama, mbuni ni wa baba.

Je, kazi ya kahawa ilikuwa ya baba peke yake? Hebu tuhesabu. Baba alipanda miche. Alipogoa matawi na kupiga dawa. Hiyo ni kazi kubwa. Halafu matunda yakaiva. Mama na watoto waliingia shambani kuchuma, tunda moja moja. Matunda yalimenywa kwa mashine ya mkono. Yalilowekwa, yakaoshwa, yakaanikwa. Mvua ikinyesha, aliyekuwa nyumbani alikimbia kuanua. Kisha kahawa ilichambuliwa, punje mbaya zikatolewa.

Ili kupata kilo moja ya kahawa, zinatakiwa kilo 5 au zaidi za matunda. Basi nyumba iliyouza kilo 50 ilichuma kilo 250 au zaidi. Mikono iliyochuma ilikuwa mingi. Mkono uliopokea fedha ulikuwa mmoja.

Baba wengi walizitumia fedha hizo vizuri. Walilipa karo, walinunua bati. Lakini wapo waliozimalizia kilabuni. Mama hakuwa na la kusema, kwa kuwa jina lake halikuwa katika daftari. Alirudi kwenye ndizi zake, akatafuta chakula cha watoto.

BEI INAANGUKA

Mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na kununua kahawa duniani yalivunjika. Bei ikaanguka. Wakulima wa Kilimanjaro waliumia sana. Kulikuwa na mibuni iliyong'olewa, na mingine iliachwa bila dawa.

Nyumba ziliponea wapi? Nyingi ziliponea kwenye ndizi, maziwa na mboga. Vitu vile vilivyoitwa vidogo, vya akina mama, ndivyo vilivyonunua daftari za shule na mafuta ya taa. Mbuni hulipa kwa msimu. Mgomba hulisha kila siku. Hapo watu wengi waliona kwamba mali ya nyumba ni moja, ingawa ina milango mingi.

SHERIA INASEMAJE?

Mila hubadilika, na sheria nayo imeingia ndani ya nyumba. Tukumbuke mambo haya:

1. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na mali yake mwenyewe. Pia mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali.

2. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo ulitolewa katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Maana yake ni kwamba kupika, kufua na kulea si bure. Ni jasho, na lina thamani.

3. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Hati ya ardhi ya kijiji inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke.

4. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7. Watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mwenye ugomvi wa ardhi anaweza kupeleka shauri lake hapo.

TUFANYE NINI?

Waswahili husema, mkono mmoja haulei mwana. Hautunzi kihamba pia. Baba na mama wakae kabla ya msimu. Wahesabu kazi zote, hata zile zisizolipwa. Mavuno yakiuzwa, wote wawili wajue ni kiasi gani. Waandike katika daftari la nyumbani: karo kiasi hiki, chakula kiasi hiki, akiba kiasi hiki. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi hiyo unaiweza.

Baba hatapungukiwa heshima kwa kumwonyesha mkewe hesabu. Na mama asifiche fedha ya ndizi kwa hofu ya kunyang'anywa. Hofu ikiingia katika fedha, nyumba haijengwi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chako, zao gani linaitwa la baba? Lipi linaitwa la mama?
2. Nani anafanya kazi katika kila zao? Nani anapokea fedha yake?
3. Ardhi mnayolima imeandikwa jina la nani?
4. Mzee wa nyumba akifariki leo, mjane na mabinti watabaki na nini?