Kiingereza cha Barua za Biashara: Mpunga, Mchele na Pumba (Sehemu ya Tatu)

Sehemu iliyopita ilihusu namna ya kufungua na kufunga barua. Hii inahusu jina la bidhaa yenyewe, ambalo likikosewa, adabu zote za barua hazisaidii kitu. Mfanyabiashara wa Katindiuka, kama wenzake wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, ana maneno matatu kwa zao moja: mpunga ukiwa bado na maganda, mchele ukishakobolewa, na wali ukishaiva. Kiingereza cha kila siku huyabeba yote matatu kwa neno moja, "rice". Mnunuzi wa Nairobi akiandikiwa kwamba zipo tani 30 za "rice" ataelewa mchele ulio tayari kwa soko, kumbe kilichomo ghalani ni mpunga, ambao kila kilo 100 zikipita mashineni hutoa takriban kilo 65 tu za mchele, kwa hiyo tani 30 hizo hazifiki hata 20. Neno linalotakiwa ni "paddy", ambalo asili yake ni Kimalay, ingawa nalo lina mtego wake, kwani Kiingereza hulitumia pia kwa jaruba. Mchele uandikwe "milled rice", na chenga, yaani punje zilizovunjika wakati wa kukoboa, "broken rice".

Kwenye pumba mambo hugeuka, safari hii Kiswahili ndicho chenye neno moja. Maganda magumu ya nje, ambayo wafyatua matofali huyanunua kwa kuchomea tanuri, ni "husk"; unga laini unaotoka punje inaposuguliwa, ambao hulishwa kuku na nguruwe, ni "bran". Mfugaji aliyeagiza "bran" akashushiwa magunia ya maganda ana haki ya kuyakataa.

Lililo gumu kuliko yote, pengine kwa sababu linaonekana rahisi, ni "supa". Kwa mkulima wa Kilombero hili ni jina la mbegu ya asili yenye harufu nzuri, tofauti na SARO 5, ambayo kitaalamu huitwa TXD 306. Likiandikwa "super", msomaji wa mbali huliona kuwa sifa ya muuzaji anayejisifia mali yake, hulipita, na bei ya juu iliyoandikwa mbele yake hubaki bila sababu. Jina hilo libaki "Supa", kwa herufi kubwa, likifuatiwa na maneno "aromatic local variety".