Arobaini za kiganja

Nilisimama sokoni Mugumu kununua katambuga, nikaondoka na swali. Fundi hakuanza kwa kunipima mguu. Alitwaa kipande cha tairi kuukuu, upana wa vidole vitatu, akakichoma katikati kwa ncha ya kisu: tundu la kupitisha punje ya mchele. Kisha akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, midomo ikihesabu bila sauti. Kwenye 15 tundu lilikuwa limechanika na kuachama.

“Huu umechoka, mwanangu. Unene usikudanganye. Mguu unakunja katambuga hapa, kwenye vidole, kila hatua. Mpira uliochoka utakuacha njiani.”

Akachukua kipande kingine. Akafika 40, tundu halikusogea. “Wako huu.”

Kilichoninyima usingizi ni kwamba kazi ile ile hufanywa maabara. Kuna mashine iitwayo De Mattia, inayoshika vipande vya mpira vyenye mfuo katikati na kuvikunja mara 300 kwa dakika. Akitaka kujua ufa unavyokua, mtaalamu hutoboa mfuo kwa ncha ya upana wa milimita 2, halafu husimamisha mashine kila baada ya muda na kupima ufa ulikofika. Mikunjo 100,000 humalizika kwa saa tano na nusu hivi.

Nilimsimulia. Akauliza jambo moja tu: “Mpira wao ni mpya, au umeshapigwa jua?”

Mara nyingi mpya, nikajibu. Wakati mwingine huutia kwanza kwenye tanuri ili uzeeke upesi.

“Tanuri lina kokoto? Lina mzigo? Hapa mtu anatembelea tairi lisilo na upepo wa kutosha mpaka Tarime.”

Ana haki ya kuuliza. Mpira haufi kwa pigo moja. Kila tairi linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea na kunyooka, na tairi la bodaboda huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita. Upepo ukipungua, mbavu hukunjika zaidi, hupata joto, nyufa zikatambaa. Jua na ozoni ya hewani huongeza zao. Ubavuni utakuta tarakimu nne za kuzaliwa kwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mikunjo iliyobaki haikuandikwa popote.

Basi kijana aliyepakia abiria na gunia kuelekea Nyamongo aisome wapi? Na tairi likishastaafu barabarani, likaanza maisha ya pili chini ya nyayo zetu, maabara gani inaendelea kulihesabia?

Kabla ya kulipa nilimuuliza fundi aliipata wapi hiyo 40. Akafungua kiganja, akakitazama. Hapo ndipo kinapoanza kuuma, alisema. Mpira uliokishinda kiganja chake ndio aliouamini miaka yote.

Nimezivaa katambuga hizo ninapoandika. Arobaini za kiganja kile ni sawa na ngapi za mashine?