RAM Iliyojaa na RAM Iliyoelemewa

Mnunuzi wa kompyuta mpakato anayepita katika maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, akiuliza habari za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa hadi zifungwe au mashine izimwe, kwa kawaida hujibiwa kwa namba na bei: GB 4, GB 8 au GB 16. Nadra kuelezwa ni ipi inayomtosha mtu ambaye kazi zake ni kuandika barua, kuperuzi intaneti, kuhudhuria vikao vya video na kutazama filamu jioni.

Fundi mmoja wa mtaa huo, anayezifufua EliteBook na ThinkPad zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, haanzi na namba iliyobandikwa kwenye kasha. Humtaka mteja afungue kila anachokitumia siku yenye kazi nyingi, bila kujibana, kisha hubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua dirisha lenye ukurasa unaoonyesha matumizi ya kumbukumbu kwa mchoro. Hapo wengi hushtuka, kwa kuwa wakiona asilimia 70 hudhani RAM inakaribia kwisha. Fundi hushikilia kwamba asilimia hiyo haitoshi kuwa hoja, na ushahidi wake ni mwepesi: kipande cha GB 8 kikitolewa na kuwekwa cha GB 16, kazi zikibaki zile zile, gigabaiti zinazotumika mara nyingi huongezeka, kwa sababu mfumo endeshi hauzibani tena programu na kivinjari hakilazimiki kuvitupa vichupo visivyoguswa. RAM ni kama chumba cha mpangaji: kikiwa kikubwa, vitu navyo hutandazwa.

Anachokisoma yeye ni namba mbili zilizo chini ya mchoro, zilizotenganishwa kwa mkwaju, ambazo wateja huzipita bila kuziangalia. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo mfumo umeziahidi programu; ya pili ni kikomo cha ahadi hizo, yaani RAM pamoja na sehemu ya diski iliyotengwa kama akiba. Mashine ya GB 8 ikionyesha 6 upande wa kwanza, haina tatizo. Ikionyesha 11 siku nzima, huenda sehemu ya mzigo imekwisha kuhamishiwa diskini. Fundi hutahadharisha kwamba si kila kilichoahidiwa huchukuliwa, hivyo ziada ndogo isimtishe mtu. Uzito wa tatizo hutegemea diski yenyewe, kwani diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kuifikia data, ilhali RAM huhitaji takriban nanosekunde 100, tofauti ya mara laki moja, na ndiyo maana mashine huganda mtu anapohama kutoka kichupo kimoja kwenda kingine. Diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, hupunguza maumivu hayo bila kuyaondoa.

Kuhusu GB 4, ambazo Microsoft imezitaja kuwa kiwango cha chini cha Windows 11, maoni ya fundi ni kwamba zinatosha kuiwasha mashine, si kuifanyia kazi. Kwa matumizi ya kila siku hupendekeza GB 8 pale tu ambapo ipo nafasi ya kuchomeka RAM nyingine baadaye, na GB 16 pale ambapo RAM imelehemiwa kwenye bodi kuu. Tofauti hiyo haionekani kwa nje: ThinkPad X270 ya mwaka 2017 ina nafasi moja ya kuchomekea RAM, ilhali mrithi wake wa 2018, X280, ana RAM iliyolehemiwa. Kwa nini lebo ya dukani isiseme hivyo?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hesabu imekuwa chungu zaidi. X270, inayokubali kuongezewa RAM, ina prosesa isiyomo katika orodha rasmi ya Windows 11; X280 yenye prosesa ya kizazi cha 8 imo, lakini haiongezewi RAM. Fundi huwaelekeza wanunuzi kwenye EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, zenye prosesa za kizazi hicho na nafasi mbili za RAM. Kwa aliyekwisha kununua X280 ya GB 4, hana la kumshauri.