Chumvi ya dukani na akili ya mtoto wako

Msomaji, jioni ya leo ukimtuma mtoto dukani hapo Tena akuletee sukuma wiki, nyanya na pakiti ya chumvi, huenda ukadhani kwamba umenunua ladha tu. La hasha! Ndani ya pakiti hiyo mna kitu ambacho bila hicho mwili hauwezi kukua sawasawa.

Kila kilicho hai kimejengwa kwa elementi chache. Nne ndizo kubwa: oksijeni, kaboni, haidrojeni na nitrojeni. Ukiwa na uzito wa kilo 60, karibu kilo 39 kati ya hizo ni oksijeni, na nyingi yake imo katika maji ya mwilini. Kaboni ni kama kilo 11, haidrojeni kilo 6, na nitrojeni karibu kilo 2. Kisha kuna kalsiamu na fosforasi za mifupa na meno.

Lakini zipo nyingine ambazo ni kidogo mno, na hizo ndizo tunazozisahau. Chuma chote kilicho katika damu na viungo vyako hakifikii uzito wa kijiko cha chai cha chumvi. Iodini nayo ni kidogo zaidi: mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250.

Iodini hutumiwa na tezi iliyo shingoni kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji. Ikikosekana, tezi huvimba, na huo ndio ugonjwa wa rovu. Hatari kubwa zaidi humkabili mtoto aliye tumboni, kwani ubongo wake huenda ukadumaa, na hasara hiyo haitibiki baadaye.

Kwa nini ikosekane? Katika nyanda za juu, mvua ya miaka mingi huosha iodini udongoni na kuipeleka baharini, hivyo mboga na mahindi ya huko huwa na upungufu. Ndiyo maana Kenya ilipitisha sheria ya kutia iodini katika chumvi mnamo 1978. Mwaka 2012 ikaagizwa pia kwamba unga wa mahindi na wa ngano utiwe chuma na zinki.

Basi wewe ufanye nini? Soma pakiti uhakikishe imeandikwa kwamba chumvi ina iodini. Itie katika mkebe wenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria. Tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva, kwani moto wa muda mrefu hupunguza iodini. Wala usizidishe! Gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, zatosha. Zaidi ya hapo unakaribisha shinikizo la damu.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Usiidharau chembe ya chumvi.