Printa ya Ofisi Imegoma? Jua Shida Iko Wapi Kabla ya Kuita Fundi

Ni mwisho wa mwezi. Umepakua stetimenti ya tili, umebonyeza kuprinti, halafu kimya. Kompyuta ya kaunta inasema printa haipatikani, ile ya meneja inaprinti bila neno, na mteja amesimama mbele yako: "Madam, risiti yangu iko wapi?"

Sisi hatuuzi printa. Lakini wafanyabiashara hutupigia wakidhani mfumo wa malipo umekwama, kumbe pesa ziliingia zamani na ni karatasi tu haijatoka. Kwa hivyo, kabla ya kumwambia mteja alipe tena, angalia muamala kwenye akaunti yako ama kwenye SMS. Ukiuona, malipo yako sawa. Mpe mteja nambari ya muamala aende, kisha urudi kwa printa.

1. Ni kompyuta moja ama zote?

Jaribu kuprinti kutoka kompyuta mbili tofauti. Zote zikikataa, shida iko kwa printa ama rauta. Ikikataa moja tu, usiguse printa. Chunguza hiyo kompyuta. Swali hili moja litakuokolea nusu saa.

2. Printa imeunganishwa vipi?

Ofisi nyingi ndogo huchomeka printa kwa kompyuta moja na waya wa USB, kisha wengine wanashea. Njia hii inafanya kazi, ila ile kompyuta lazima iwe imewaka na haijalala. Meneja akifunga laptopu aende lunch, ofisi nzima imekwama. Iweke isilale saa za kazi. Kama printa yako ina waifai ama nafasi ya waya wa mtandao, afadhali uiunganishe moja kwa moja na rauta.

3. Stima ilipotea?

Hii ndiyo iliyotushika sisi wenyewe ofisini. Stima ilipotea usiku, na asubuhi printa ilikuwa inawaka vizuri lakini hakuna aliyeweza kuprinti. Sababu ni kwamba rauta hugawa anwani kwa kila kifaa, na ikizimika na kuwaka inaweza kugawa upya. Printa inapewa anwani mpya, huku kompyuta zikiendelea kuitafuta kwa ile ya zamani. Ni kama mtu amehama ploti bila kuwaambia marafiki.

Angalia anwani kwenye skrini ya printa, ama uprinti ukurasa wa mipangilio kutoka kwa printa yenyewe. Mara nyingi inaanza na 192.168. Ikianza na 169.254, printa haijapata anwani kutoka kwa rauta kabisa; kagua waya ama waifai. Kama ni nzuri lakini imebadilika, ongeza printa upya kwenye kompyuta ukitumia anwani hiyo. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuitengea printa anwani moja isiyobadilika.

4. Mko kwenye waifai moja?

Ulibadilisha paswadi ya waifai juzi? Printa haijui. Iwekee mpya. Angalia pia kama kompyuta imeingia kwenye waifai ya wageni: mara nyingi mtandao huo huzuiwa kuona vifaa vya ofisi, na hivyo ndivyo inavyofaa. Tena, printa nyingi hushika mawimbi ya 2.4 GHz pekee, kwa hivyo usishangae zikikosa kuona waifai ya 5 GHz.

5. Foleni imeziba?

Kazi moja ikikwama, zilizo nyuma yake zote zinangoja. Fungua foleni ya printa na ufute iliyokwama. Ikikataa kufutika, kwenye Windows andika services.msc kwenye sehemu ya kutafuta, tafuta Print Spooler, kisha ubonyeze Restart.

6. Unaona kosa 0x0000011b?

Kosa hili lilianza kusumbua watu wanaoshea printa baada ya masasisho ya Windows ya Septemba 2021. Hakikisha kompyuta zote mbili zina masasisho mapya. Usiyaondoe ili tu uprinti, kwa sababu yaliletwa kuziba mwanya wa usalama.

Usalama wa wateja wako

Foleni ikifunguka, kila kilichokwama kinaweza kutoka kwa mpigo. Kama ulibonyeza kuprinti mara tano, kuna stetimenti tano zenye majina na nambari za simu za wateja, na yeyote anayepita anaweza kuzibeba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa hizo ni jukumu lako. Futa nakala za ziada, na usiache karatasi kwenye trei.

Mtu akikupigia akisema atakurekebishia printa kutoka mbali, chunga. Ukimruhusu kuingia kwenye kompyuta, anaona kila kitu unachoona, pamoja na akaunti yako ya malipo. Kama ni fundi unayemjua, toka kwanza kwenye akaunti. Na PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu. Hatutawahi kukuuliza PIN, sembuse kwa sababu ya printa.