Baiskeli na Kazi za Msimu



Wengi wetu husema, "Baiskeli naipenda, lakini wakati sina." Ni kweli. Mchana tuko ofisini au dukani. Tukirudi, karafuu mbichi zangoja kuchambuliwa makonyo. Lakini wakati hauokotwi njiani, hutengwa.

Sisi twaona saa iliyo bora ni baada ya sala ya Alfajiri. Umande haujakauka, majamvi hayajatandikwa, na magari barabarani ni machache. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Basi nusu saa kwa siku tano yatosha, na anayekwenda shamba kwa baiskeli amekwisha kupunguza deni hilo.

Jioni tusiiguse. Kuchambua karafuu pamoja, huku twazungumza, ni haki ya mke na watoto. Mtoto akitaka kupanda, tumchukue Ijumaa asubuhi, ila miguu yake isikaribie spoki. Upepo na breki vitazamwe usiku, ili asubuhi isipotee.

Haba na haba hujaza kibaba. Na vibaba vinne, kama mjuavyo, ni pishi.