AFYA KAZINI: UKUCHA WAKO UNA KUMBUKUMBU

Ndugu wafanyakazi, kila mmoja wetu hukata kucha, lakini ni wangapi wetu wanaojua ukucha unatoka wapi?

Sehemu ngumu tunayoiona haina uhai. Ni keratini, kitu kile kile kinachofanya nywele na pembe za ng'ombe. Ndiyo maana ukiikata huumii. Kiwanda chake kimefichika chini ya ngozi, kwenye shina la ukucha. Hapo chembe hai huzaliwa, hukakamaa, kisha husukumwa mbele na zile zinazofuata. Mwezi mweupe unaoonekana kwenye kidole gumba ni ukingo wa kiwanda hicho. Ngozi nyembamba inayoulalia ukucha ndiyo mlango wake: huzuia maji, uchafu na dawa. Usiikate wala kuitafuna.

Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi. Ukingoka wote, hurudi baada ya miezi 6 hivi. Wa mguu huchukua mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu.

Kiwanda kikiumia, bidhaa hutoka na kasoro. Mwaka 1846 daktari Mfaransa, Beau, alieleza jinsi ugonjwa mkali unavyoacha mfereji unaokatiza ukucha. Mfereji huo husogea mbele siku hadi siku. Ukiuona milimita 6 kutoka kwenye ngozi, fikiria yaliyokupata miezi 2 iliyopita au zaidi kidogo.

Dawa za shambani nazo huacha alama. Mwaka 1971 ilitolewa ripoti juu ya wapiga dawa 296 wa mashamba ya miwa huko Trinidad, waliotumia parakwati kuua magugu. Watu 55 kati yao walikuwa na kucha zilizoharibika, hasa za mkono wa kazi. Bomba la mgongoni likivuja, vidole hulowa dawa kutwa nzima.

Basi, ndugu, tudai glavu zisizotoboka, mabomba yasiyovuja, na maji na sabuni pale pale kazini. Ukiona ukucha umebadilika rangi, umepinda au una mfereji, andika tarehe, pima umbali wake kutoka kwenye ngozi, umwonyeshe mganga, kisha umwarifu katibu wa tawi lako. Fanya hivyo mapema, kwani alama ikifika ncha ya kidole utaikata kwa wembe, na ushahidi wako utakuwa umetupwa.